Aliyefia Semuliki ni wa kwetu

Kila ikiingia Desemba mimi nakosa raha, maana tarehe 7 Desemba 2017 ndo kambi ya vijana wetu wa JWTZ waliokuwa wanalinda amani ya UN ilivamiwa kule Semuliki, upande wa Beni, Kivu Kaskazini, nchini Congo, wakapigana masaa na masaa, na mmoja wa waliofia kule alikuwa jirani yetu hapa Ujiji, Kigoma, tumecheza nae chandimu, tumeoga nae ziwani, baadae akaenda JKT Bulombora na kutoka hapo akachukuliwa jeshini. Jina lake siandiki, mama yake sijamuomba ruhusa.

Habari ilitufikia Ijumaa watu wanatoka msikitini, kesho yake sikukuu ya Uhuru. Walitangazwa 14 wamekufa, majeruhi zaidi ya 40. Katibu Mkuu wa UN wakati ule, Guterres, akasema walinda amani hawajapigwa vibaya hivyo kwa miaka ya karibuni. Wanaotajwa kufanya ni ADF, waasi waliotokea Uganda.

Sasa kinachoniuma. Pale pale msibani, chini ya turubai, nikasikia mtu mzima anasema "si alifuata hela za UN", na mpaka leo hayo maneno nayasikia vijiweni Mwanga. Jamani. Askari anapangiwa, hachagui. Na kikosi chao hakikupelekwa kukaa tu na kulinda geti, mwaka 2013 Baraza la Usalama lilikiruhusu kuwafuata waasi wenyewe, sisi na Afrika Kusini na Malawi, na mwaka huo huo waasi wa M23 wakafurushwa. Hela ilikuwepo sikatai, alikuwa anamjengea mama yake, nyumba ikaishia kwenye lenta. Kwani mtu akimjengea mama yake ndo kifo chake kinapungua thamani?

Alafu sisi watu wa Kigoma ndo tungekuwa wa mwisho kusema ile vita ni ya wenzetu. Anga likiwa safi milima ya Congo unaiona kwa macho ukiwa ufukweni. Nyarugusu kule Kasulu Wakongo wapo tangu miaka ya 90, kuna waliozaliwa kambini wakaolewa humo humo kambini, wanatuambia walichokimbia, tunawasikiliza, afu kijana wetu akienda kukizuia tunasema alifuata hela!

Tarehe 25 Julai ile ya Mashujaa mkuki na ngao vinawekwa mnarani, wazee wa vita ya Kagera wanakumbukwa, na ni haki yao kabisa. Ila wale askari wetu 7 waliouawa Darfur, Sudan, Julai 2013, na hawa wa Semuliki, mitaani walikotoka nani anawataja? Mimi naomba kitu kidogo tu, siku hiyo kila mtaa umtaje wa kwake, familia ikiridhia, na shule aliyosoma watoto waambiwe alikaa darasa gani. Hilo halihitaji hata bajeti.

Mama yake anauza dagaa Kibirizi. Mwaka jana mama mmoja wa Kikongo aliyeshuka na boti la mizigo alikuja kununua, wakaongea, akasikia habari ya Beni, akaweka beseni chini akakaa nae kwenye gunia. Akamuuliza, "Mama, mutoto yako aliitwaka nani?" Mama akamtajia jina lake, la baba yake, na la babu yake.