Nyimbo za Wanyika zinangoja jukwaa

Waigizaji wa tamthilia ya muziki tuliyoitazama walikuwa wazuri. Nianze na hilo, maana nitakayosema hayawahusu wao. Vijana wa papa hapa Nairobi, wengi hawakuwa wamezaliwa wakati huo, waliimba roki ya Marekani ya miaka ya themanini kwa zaidi ya saa mbili, gitaa la umeme likilia na nywele bandia zikiwamwagikia mabegani. Ukumbi mzima uliimba nao. Shangazi yangu, ambaye tikiti ilikuwa zawadi yake (mimi nilijipachika tu), alitushinda sote kwa sauti.

Tamthilia za namna hii zina desturi yake: nyimbo hutangulia, hadithi ikafuata. Mtunzi huchukua nyimbo ambazo watu wameshazipenda, kisha akazishonea kisa. *Mamma Mia!* ilifanya hivyo London mwaka 1999 kwa nyimbo za bendi ya ABBA. *Rock of Ages* ikaingia Broadway, New York, mwaka 2009 na roki ya miaka ya themanini, mambo yake yakitokea Los Angeles mwaka 1987. Tuliyoitazama sisi ilikuwa ya ukoo huo huo: msichana mgeni mjini, kijana mwenye gitaa, klabu iliyo karibu kufungwa.

Kisa kilikuwa chepesi mno. Mtu akifungua tu mdomo kueleza machungu yake, ulishajua ni wimbo gani unapigiwa hodi. Wakati wa mapumziko shangazi alinigeukia: "Mwanangu, kwani huyu msichana hana kwao? Hakuna hata mmoja anayemtafuta?" Nilicheka, lakini swali hilo likanikaa. Na kweli, hakuna mzazi, hakuna kodi ya nyumba, hakuna jirani wa kusengenya.

Sisemi kwamba roki ile haikuwa yetu. Idhaa ya Kiingereza ya VOK, redio ya taifa ya wakati huo, iliicheza, na waliokuwa vijana enzi hizo wana haki ya kuililia. Ninachouliza ni kwa nini tukitaka kuikumbuka miaka ya themanini jukwaani tunakimbilia Los Angeles. Mwaka huo huo wa 1987 Nairobi haikuwa imelala. Michezo ya Afrika ilifanyika Kasarani, na Gor Mahia wakaleta nyumbani Kombe la Washindi la Afrika. Usiku ulikuwa wa magitaa: Super Mazembe waliotoka Kongo, Samba Mapangala na bendi yake ya Virunga, na Wanyika, yaani bendi mbili, Simba Wanyika na Les Wanyika.

Wanyika ndio hasa ninaowataka jukwaani. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Mwanamume anajitetea mbele ya mwenzake aliyewaka hasira: hana kosa, kila mmoja ana wake nyumbani. Basi. Miaka yote hii tumesikia utetezi wa mshtakiwa peke yake. Mwenye hasira hatujamsikia, na mwanamke anayegombaniwa hajaulizwa kitu. Mpe kila mmoja wao nafasi ya kusimama na kusema lake, uone kama utahitaji kubuni kisa.

Hata muundo wa nyimbo hizo ni wa tamthilia. Santuri ndogo za wakati ule hazikuweza kubeba rumba nzima upande mmoja, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Kwanza taratibu, maneno yanasikika, lawama inatolewa. Unageuza santuri. Kisha magitaa yanachemka, maneno yanapungua, watu wanacheza. Wimbo wa roki wa dakika nne huisimamisha hadithi ili mtu aimbe. Rumba huiingiza hadithi ndani ya ngoma, na besi ya Tom Malanga wa Les Wanyika inaendelea kusema hata mwimbaji akinyamaza.

Nje ya nyimbo kuna kisa cha bendi zenyewe, nacho ni cha kweli. Ndugu kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, wanaanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wanajitenga na kuunda Les Wanyika, na kwa miaka mingi mji mmoja unazicheza bendi zote mbili. Katikati ya hayo inakuja tarehe 1 Agosti 1982: wanajeshi waasi wanaiteka VOK, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela analazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, na baada ya jaribio hilo kuzimwa watu wanakatazwa kutoka nje usiku. Mwanamuziki anayekula kwa usiku, usiku umefungwa, atafanya nini? Hapo ndipo ningefunga pazia la sehemu ya kwanza.

Nimeambiwa vijana hawatakuja, eti rumba ni ya wazee wa baa. Anayesema hivyo hajaenda harusi siku za karibuni. "Sina Makosa" ikianza, wanaokimbilia katikati si wazee peke yao.

Kikwazo ninachokiheshimu ni cha haki za nyimbo. Sheria ya Kenya humlinda mtunzi mpaka miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kazi za Wanyika bado zina wenyewe, na baadhi yao ni warithi waliotawanyika Kenya na Tanzania. Kuwatafuta kunachosha. Itabidi mtu asafiri hadi Tanga, aketi na familia, alipe inavyostahili, na apate saini kabla ya kukodi ukumbi. Tumezoea kuanza na bango, haki za wenyewe baadaye, ndiyo maana mtayarishaji huona afadhali alipie nyimbo za Wamarekani, ambao mawakili wao wanajulikana na wanajibu barua.

Shangazi amesema atachangia nauli ya Tanga. Sijui kama alikuwa anatania, lakini amekwisha kuniuliza mara mbili basi linaondoka saa ngapi.