Taylor Swift aliiacha kantri mwaka 2014, lakini alikua lini?

Tarehe 18 Agosti 2014, akiwa kwenye jengo la Empire State mjini New York, Taylor Swift alitangaza kwamba albamu yake ya tano, 1989, ndiyo ingekuwa albamu yake rasmi ya kwanza ya pop. Wengi hawakushtuka. Shake It Off, wimbo aliouachia siku hiyohiyo, haukuwa na banjo wala fidla, na miaka miwili kabla alikuwa ameshafanya kazi na Max Martin, prodyuza Mswidi aliyempika Britney Spears. Jipya lilikuwa ule uwazi. Binti aliyehamia Tennessee na familia yake akiwa na miaka 14 ili aimbe kantri alikuwa anaaga mchana kweupe.

Tangu hapo kuna kambi mbili. Moja inasema alikua: msichana wa gitaa aliyeimba kuhusu wavulana wa shuleni akawa msanii wa dunia nzima. Nyingine inasema aliikana kantri kwa ajili ya soko. Naona zote mbili zinafanya kosa moja, kwamba zinauchukulia mwaka 2014 kama ndio mwaka wa mabadiliko makubwa, moja kwa kusifu, nyingine kwa kulaumu.

Tuanze na lawama ya usaliti, maana haichukui muda. Nashville yenyewe, mji wa Tennessee ulio kitovu cha kantri, imekuwa ikiivizia pop tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maprodyuza Chet Atkins na Owen Bradley walizipunguza fidla na banjo, wakaweka vayolini laini na waitikiaji ili rekodi ziuzike mjini, na sauti ya mwimbaji Patsy Cline tunayoipenda leo ilirekodiwa kwa mtindo huo. Mwaka 1974 Chama cha Muziki wa Kantri kilimpa Olivia Newton-John, aliyekulia Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike, na baadhi ya wakongwe wakakasirika hadi wakaunda umoja wao. Nyota wa kantri Shania Twain mwaka 2002 aliitoa albamu ya Up! kwa sura tofauti, nyimbo zilezile zikiwa na ala za kantri huku na za pop kule. Basi anayedai Swift alivunja mwiko atuonyeshe kwanza huo mwiko ulikuwa wapi.

Tena yeye mwenyewe alikuwa kote kuwili tangu mapema. Love Story ya 2008 ilipelekwa kwenye redio za kantri na banjo yake, na redio za pop zikapelekewa toleo lililochanganywa upya. We Are Never Ever Getting Back Together nayo, mwaka 2012, ilipewa toleo la kantri, ingawa ilikuwa pop tupu. Kwa hiyo alipokataa mwaka 2014 ombi la Scott Borchetta, bosi wa lebo yake ya Big Machine, la kutia nyimbo tatu za kantri kwenye 1989 ili redio za Nashville zisikasirike, aliacha kujifanya. Hapo nampa haki yake yote. Na biashara haikumwangusha: wiki ya kwanza pekee Marekani albamu iliuza nakala zaidi ya milioni 1.28, ikaipita Red iliyoitangulia.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba redio za kantri zimekuwa bahili kwa wanawake. Ni kweli. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio alizishauri stesheni hadharani zisipige nyimbo za wanawake kwa kufuatana, akiwafananisha na nyanya kwenye saladi, yaani wawepo wachache tu. Lakini hoja hiyo haimhusu sana Swift, kwani yeye redio hizo zilimpiga, na tuzo kuu ya Chama cha Muziki wa Kantri, ile ya mtumbuizaji wa mwaka, aliichukua 2009 na 2011.

Lawama yenye uzito ni ile ya uandishi. Nashville ni mji wa watunzi. Bluebird Cafe, ambako Borchetta alimwona Swift, ni kiukumbi kidogo ambacho watunzi huketi wakaeleza wimbo ulizaliwaje kabla ya kuuimba. Humo ndimo alimojifunza, na kwa mtunzi Liz Rose aliyeandika naye nyimbo nyingi za mwanzo: taja kitu, taja mahali, hadithi isogee katika kila ubeti, ili kiitikio kikirudi maneno yawe yaleyale lakini msikilizaji ayasikie vingine. Wakenya waliolelewa na Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton redioni wanaujua ufundi huu hata kama hawajawahi kuupa jina. All Too Well, iliyomo kwenye Red, ndiyo mfano bora: skafu iliyosahaulika nyumbani kwa dada wa mpenzi, mwanga wa friji jikoni, na mwisho skafu hiyohiyo inamgeuka aliyeitunza.

Sasa sikiliza Out of the Woods kwenye 1989. Naupenda wimbo huo, lakini kiitikio chake kinarudia swali moja hadi linameza kila kitu, na wawili wanaohusika tunawajua kijuujuu tu. Panapotekenya ni kwenye daraja la wimbo, kile kipande cha kuvukia kuelekea kiitikio cha mwisho, pale breki zinapokanyagwa mapema mno na chumba cha hospitali kinatajwa. Yaani kipande bora cha wimbo wa pop kimeandikwa kama Nashville inavyofundisha. Shule ya Max Martin inatanguliza melodia, na neno lisiloingia kwenye hesabu ya silabi linaondoka. Ni ufundi mgumu, wala siudharau, ila kwa mwandishi wa aina ya Swift una gharama.

Mtetezi wa 1989 atanitajia Blank Space, na hapo lazima nitulie. Alichukua picha ambayo magazeti yalimchorea, ya mwanamke anayekusanya wapenzi na kuwatupa, akaiigiza kwa kejeli ndani ya wimbo mwepesi wa kuchezeka. Kejeli ya namna hiyo huwezi kuipata kwenye albamu yake ya 2006. Hapo pop ilimpa kitu.

Lakini ukuaji wenyewe naupata kabla na baada. Kabla, ni Speak Now ya 2010. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba nyimbo anaandikiwa, naye akaziandika zote 14 za albamu hiyo peke yake, bila mshirika. Mean, jibu lake kwa wakosoaji wa sauti yake, lilipigwa banjo na likaleta Grammy mbili mwaka 2012. Baada, ni albamu ya folklore ya 2020, alipoandika nyimbo tatu zinazosimulia mapenzi ya vijana watatu, kila mmoja kwa upande wake. Mojawapo, betty, yenye harmonika, aliipeleka kwenye tuzo za Academy of Country Music, jumuiya nyingine ya kantri, mwaka huohuo na kuiimba Nashville. Katikati ya hapo, wakati dunia ikimhesabu kuwa ameshaondoka, Better Man, wimbo aliowapa kundi la kantri la Little Big Town, ulishinda tuzo ya wimbo wa mwaka ya wana-kantri mwaka 2017.

Kisha kuna jambo la 2021. Aliporekodi upya albamu ya Red, toleo la All Too Well la dakika kumi lilipanda hadi namba moja kwenye chati kuu ya Billboard, wimbo mrefu kuliko wote kuwahi kufika hapo. Mwaka 2012 haukuwa hata singo. Wanaoamini kwamba alilazimika kuuacha usimulizi wa Nashville ili dunia imsikie wana kazi ya kutueleza hilo lilitokeaje.