Mvua ya Kilimanjaro isiyoonekana kwenye ramani

Tuseme una vipimamvua sita kusini mwa Kilimanjaro, cha chini kabisa Moshi mjini, cha juu kabisa Marangu. Mvua ya mlima mzima utaichoraje? Wengi watakwambia upe kila mahali wastani wa vituo jirani, cha karibu kikipewa uzito kuliko cha mbali. Hesabu yake ni nyepesi na haina haja ya mtaalamu wa takwimu. Krigingi, njia ya kitakwimu ya kukadiria mahali pasipopimwa, yenye jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu Afrika Kusini, wanaiona mbwembwe za wasomi.

Wana hoja. Krigingi hutaka kwanza ijue vipimo hutofautiana kiasi gani kadiri vituo vinavyoachana, na kwa vituo sita hilo ni kubahatisha.

Ila wastani una kasoro isiyosemwa vya kutosha: hauwezi kuzidi kipimo kikubwa kuliko vyote ulivyoupa, wala kushuka chini ya kilicho kidogo kuliko vyote. Upande huo wa mlima mvua huongezeka kutoka Moshi, ikapita vihamba vya migomba na kahawa, hadi msituni kwenye mita 2,200 hivi, ambako huvuka milimita 2,000 kwa mwaka. Marangu iko chini ya hapo. Basi ramani itaupaka msitu mvua ya vihambani, na msitu huo ndio unaoilisha mifereji ya Wachaga na Mto Pangani. Rangi zitapendeza vilevile, hakuna atakayeshtuka.

Krigingi unaweza kuiongezea mwinuko wa ardhi. Nayo ina mtego wake: juu ya msitu mvua hupungua, na huko Kibo ni jangwa la mawe na barafu. Ukiiaminisha kwamba kila mita huongeza mvua, itakufurikishia kilele. Lakini yenyewe hutoa na ramani ya pili, ya ukubwa wa kosa linalotarajiwa kila mahali. Palipo mbali na vituo panajitangaza penyewe, hata kama makadirio ya kosa lenyewe si kamili. Katika ripoti nilizosoma, ramani hii ndiyo inayoachwa, eti inamchanganya msomaji. Mwenye fedha ya kipimamvua kimoja tu angeitazama dakika moja, akakipandisha msituni.