Koti zito si koti la baiskeli

Jumanne iliyopita mpwa wangu alibisha hodi saa moja na nusu asubuhi, kama kawaida yake, kuniletea maziwa lita mbili. Nilipofungua mlango nikashtuka. Midomo imempauka, meno yanagongana, vidole vimekakamaa hadi akashindwa kufungua kifuniko cha dumu, nikafungua mimi. Amevaa jaketi jipya la mtumba, lile la kuvimba kama godoro, lina manyoya kwenye kola, zipu ameipandisha hadi kidevuni. Nikamwambia alivue asogee jikoni. Alipolivua mvuke ukamtoka kama sufuria ya ugali iliyofunuliwa. Fulana ya ndani ilikuwa imegandamana na mgongo. Nikaikamua kwenye beseni, ikachuruzika maji.

"Mjomba, nililinunua ili nisisikie baridi," akaniambia. "Elfu thelathini na tano. Muuzaji alisema zito ndilo lenye joto."

Tangu siku hiyo nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Shilingi 35,000 kwa kijana anayechuuza maziwa kwa baiskeli ni asubuhi nyingi za kupanda mlima gizani. Na muuzaji huyo hayuko peke yake. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, nenda Mwanjelwa au Uyole hapa kwetu Mbeya, nenda Makambako au Njombe mjini, utasikia wimbo ule ule: chukua zito, kaka, hili halipitishi baridi. Tunapima koti kwa mkono kama tunavyopima gunia la viazi. Anayekwenda na daladala haitamdhuru. Anayepiga pedali itamdhuru, na ndiye ninayemwandikia.

Safari ya mpwa wangu iko hivi. Anatoka Igawilo saa kumi na moja alfajiri, anapanda barabara ya Tukuyu kwenda kwa wafugaji huko juu, madumu yakiwa matupu. Huo ni mlima wa kweli, aliyeupanda anaujua. Kisha anageuza na mzigo, anashuka hadi Uyole, halafu anaunga barabara kuu kuja huku kwetu Soweto. Kwa hiyo asubuhi moja ina safari mbili. Ya kwanza ni ya kupanda, mwili unachemka. Ya pili ni ya kuteremka, miguu imetulia na upepo unakuja usoni. Koti lake lilikuwa la mtu aliyesimama.

Mwili unaopiga pedali ni jiko. Katika nguvu yote ambayo misuli inaitoa kwenye chakula, karibu robo tu ndiyo inayosukuma baiskeli. Robo tatu inatoka kama joto. Ndiyo maana kwenye mlima unaweza kuvaa shati moja huku sakitu imelala kwenye majani ya viazi pembeni, na bado ukahema kwa joto. Sasa jiko hilo ukilifunika kwa godoro, joto halina pa kupita. Mwili unafanya unachojua kufanya, unatoa jasho. Jasho nalo halina pa kutokea, linaingia kwenye fulana, linaingia kwenye bitana la koti. Unafika juu umelowa kama uliyenyeshewa, ila wewe hujui, kwa sababu bado una moto.

Halafu unageuza baiskeli. Hapo ndipo baridi inapokukuta. Maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa kavu, takriban mara 25, na wewe umevaa maji. Juu yake kuna upepo. Asubuhi ya nyuzi 5, ambayo kwetu Julai si jambo la ajabu, ukiteremka kwa kilomita 30 kwa saa ngozi inasikia kama nyuzi 0. Manyoya ya bata yaliyojazwa kwenye majaketi yale yanatunza joto kwa sababu yamefutuka na kushika hewa katikati. Yakilowa yanashikana, yanalala, yanakuwa kama mto ulioanguka kwenye ndoo. Koti lenyewe linabaki kuwa zito lakini joto limeshakwisha. Kijana wangu alishuka ule mteremko amevaa kitambaa cha maji baridi cha shilingi 35,000.

Nitarudia tena maana hapa ndipo watu wanapobishana nami: baridi ya mwendesha baiskeli inaanzia kwenye jasho. Ukilidhibiti jasho mlimani, umemaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuuzuia upepo usikupige kifuani wakati wa kuteremka. Unene wa koti unakuja baadaye sana.

Wazungu wanaoshindana kwa baiskeli milimani walishalijua hili zamani, tena kwa kuumia. Tarehe 5 Juni 1988 mashindano ya Giro d'Italia yalivuka mlima wa Gavia huko Italia, mita 2,600 na ushei, kimo ambacho kwetu ni kama uko Kitulo. Theluji ikawaangukia njiani. Kupanda walipanda, miili inachemka. Kilichowamaliza ni kule kuteremka kwenda Bormio; wapo waliosimama kando ya barabara wakilia, mikono haiwezi kushika breki. Erik Breukink wa Uholanzi akashinda siku hiyo, na Andy Hampsten akavaa jezi ya waridi, ile ya anayeongoza mashindano, akaja kuwa Mmarekani wa kwanza kulitwaa taji la Giro. Na kabla ya vitambaa vya kisasa, kwa miaka mingi wenzao walikuwa wakifika kileleni wanapokea gazeti kwa watazamaji, wanalisokomeza kifuani chini ya jezi, ndipo wanaachia breki. Gazeti tu! Karatasi haina uzito wowote. Inauzuia upepo kifuani, na mgongo unaendelea kupumua.

Mtu atasema hizo ni habari za Ulaya. Basi tusiende mbali. Simama pale Uyole saa kumi na mbili asubuhi utazame wanaokuja kutoka njia ya Tukuyu. Utamwona mzee mmoja na baiskeli yake ya tairi namba 28, nyuma amefunga ndizi, jaketi amelivaa kinyumenyume. Mikono ameingiza kwa mbele, kifua chote kimefunikwa, huku nyuma zipu iko wazi na shati linapepea. Madereva wa bodaboda nao wengi wanavaa hivyo. Nilipokuwa mdogo niliwaona watu wazima wanaovaa hivyo nikadhani ni umaskini, labda zipu imekufa. Siku moja nikamwamkia yule mzee, nikamuuliza. Akanionyesha kifua kwa kiganja, akasema, "Upepo unaingilia hapa." Kisha akajigusa mgongo: "Na joto linatokea hapa." Hakusema zaidi, akapanda baiskeli akaenda zake. Sijawahi kupata maelezo bora kuliko yale. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mzee wangu, popote ulipo leo.

Kwa hiyo ukienda sokoni kutafuta koti la baiskeli, nenda ukimfikiria yule mzee. Tafuta jaketi jepesi la nailoni au poliesta iliyofumwa kwa kubana, ambalo mbele halipitishi upepo. Jinsi ya kulijua ni rahisi wala halihitaji lebo: weka kitambaa mdomoni, bana vizuri, puliza kwa nguvu. Pumzi ikipenya bila shida, upepo wa mteremkoni nao utapenya. Ikikataa kabisa, hicho ni kitambaa cha kifuani. Kisha geuza koti uangalie mgongo. Yapo majaketi ya michezo ambayo mgongoni yamewekwa kitambaa kingine cha wavu au chepesi zaidi. Hayo ni ya kukimbilia. Yapo pia yale ya kuteleza kwenye theluji ambayo chini ya kwapa yana zipu ndogo. Wauzaji wengi hawajui zile zipu ni za nini, nimewahi kumsikia mmoja akimwambia mteja ni mfuko wa kufichia pesa. Zile ni madirisha. Ukipanda unazifungua, ukiteremka unazifunga. Mitumba inatoka kwenye nchi zenye baridi kuliko yetu, makoti ya aina hiyo yamejaa kwenye marobota, na kwa kuwa ni mepesi mara nyingi yanauzwa kwa bei ya chini. Watu wanayapita wakikimbilia magodoro.

Zipu ya mbele ijaribu mara kumi hapo hapo kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili utakuwa kwenye usukani. Nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani, uinamishe mgongo: koti likipanda kiunoni na kuacha ngozi, liache. Mikono nayo ifike kwenye kifundo.

Ndani vaa sweta jembamba la sufu, hata kuukuu, au fulana ya poliesta kama jezi ya mpira. Sufu hata ikipata unyevu bado inatunza joto, na hilo kondoo amelithibitisha kabla yetu. Fulana ya pamba iache nyumbani. Najua tunaipenda, ni laini, ni ya bei nafuu, inafaa kwa kila kitu kingine. Ila pamba inalinywa jasho na haiachii, inakaa nalo mgongoni hadi ufike. Ile niliyoikamua kwenye beseni ilikuwa ya pamba.

Na ukitoka nyumbani ukiwa tayari unasikia joto pale mlangoni, umevaa kupita kiasi, rudi ndani ukapunguze. Dakika kumi za kwanza unatakiwa usikie kibaridi kidogo. Mama zetu hawalipendi jambo hili. Mama yangu mimi mwenyewe, mtu mzima nina watoto, bado ananifuata mlangoni na sweta la pili akihofia kichomi. Simlaumu, amezika ndugu kwa nimonia. Nimemweleza kwamba sweta la pili nitalifunga kwenye keria, nitalivaa nikifika juu kabla ya kugeuza. Hilo amelikubali, na ndivyo ninavyofanya: mlimani zipu wazi, kileleni nasimama dakika mbili, najifuta jasho la shingo, navaa, nafunga hadi juu, ndipo nateremka.

Nakubali jambo moja, kwa shingo upande. Dereva wa bodaboda hapigi pedali, amekaa tu na upepo unampiga saa nzima, kwa hiyo koti zito au la ngozi kwake ni sawa. Na anayesukuma baiskeli polepole mahali pa tambarare, kilomita moja kutoka nyumbani hadi kanisani, avae anachotaka. Mvua nayo ina koti lake la plastiki. Libebe, ila usipande nalo mlima, utajipika.

Rangi pia. Tafadhali, ndugu zangu, acheni makoti meusi kwenye barabara kuu. Ukungu wa asubuhi na malori yanayokwenda Tunduma havikupi nafasi ya pili. Njano, rangi ya machungwa, nyeupe, chochote kinachoonekana.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Juzi nikirudi nilimpita mwanafunzi wa kike anapandisha mlima na baiskeli, daftari kwenye kikapu, amevaa sweta la shule na juu yake jaketi la godoro, uso unatiririka jasho. Atafika darasani amelowa, atakaa kwenye dawati saa nzima dirisha likiwa halina kioo, atatetemeka, na mwalimu ataona hasikilizi. Mzazi wake amejinyima kumnunulia lile koti kwa upendo wote. Ningetamani nimsimamishe nimwambie, mwanangu, fungua zipu unapopanda. Nikaogopa nitamtisha, mwanaume nisiyemfahamu. Nikapita, na hadi leo najilaumu.

Mpwa wangu nilimpeleka sokoni Jumamosi. Tulitafuta zaidi ya saa moja, tukachambua meza hadi meza, yeye anapuliza vitambaa na wauzaji wanatushangaa. Tukapata la kijani la kung'aa, jepesi, ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa suruali, lina zile zipu za kwapani. Muuzaji alitaka 15,000, tukaelewana 12,000. Juzi Jumatatu alikuja na maziwa saa moja na robo. Nilimgusa mgongo: fulana ina unyevunyevu tu, na vidole vilifungua kifuniko vyenyewe.

Lile godoro amempa bibi yake, yaani mama yangu. Mama anauza viazi Uyole, anakaa juu ya kreti kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, hatikisiki hadi jua lipande. Amelivaa tangu Jumapili. Amefunga zipu yote, manyoya ya kola yamemfika mashavuni, na akimrudishia mteja chenji anaingiza mkono haraka mfukoni asipoteze joto.