Mpelekeeni Rasimu Anayelisha Seli

Mwaka 2013 Tuzo ya Nobel ya Tiba ilikwenda kwa James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof, kwa kueleza jinsi seli inavyopakia protini kwenye vifuko vidogo na kuzifikisha zinakotakiwa. Walistahili, sina ubishi. Ila kwa kuwa Nobel haivuki watu watatu, mtu wa nje anaweza kudhani fani nzima ya usafirishaji wa protini ilijengwa na wazee watatu waliokaa ofisini wakiwaza, akawasahau mafundi wa maabara wanaolisha seli, ambao nataka nao watumiwe rasimu za makala na kutajwa kama waandishi.

Schekman alitumia hamira, hiyohiyo inayoumua mkate. Mwanafunzi wake wa uzamivu, Peter Novick, alikuwa akisaka hamira zenye kasoro ambazo kwenye joto la nyuzi 37 hushindwa kutoa protini nje. Vifuko vilivyokosa pa kwenda vilirundikana ndani, seli zikawa nzito kuliko seli nyingine za ukubwa uleule, na hapo ndipo ilipopatikana njia ya kuzitenga: nzito huzama. Mwaka 1980 Novick, Charles Field na Schekman wakatangaza makundi 23 ya jeni ambazo hamira inazihitaji ili kutoa protini nje. Hesabu kama hiyo haiji kwa kuwaza. Inakuja kwa sahani za hamira, rundo juu ya rundo, na kila sahani kuna mtu aliyeiandaa.

Mtu huyo ndiye ninayemtetea hapa. Maabara nyingi humwita fundi, wakati mwingine hata hilo hawamwiti.

Kuna jaribio linalopendwa sana kwetu. Unachukua protini ya kirusi kiitwacho VSV, toleo lenye hitilafu ndogo, unaiunganisha na protini inayong'aa kijani. Seli zikilala kwenye nyuzi 40, protini hiyo hujikunja vibaya na kunasa kwenye retikulamu ya endoplazimu, sehemu ya seli inakotengenezwa. Ukishusha joto hadi 32 inajikunja sawasawa, na zote zinaondoka kwa pamoja kuelekea Golgi, kituo cha seli cha kupanga na kufungasha protini, kisha utando wa nje. Mwaka 1997 kundi la Jennifer Lippincott-Schwartz lilionyesha safari hiyo ndani ya seli hai, na hadi leo sijachoka kuitazama.

Kwenye jarida jaribio hili ni mstari mmoja: seli zilihamishwa kutoka nyuzi 40 hadi 32. Kulifanya ni habari nyingine. Mlango wa inkubeta, kabati la joto la kutunzia seli, usifunguliwe ovyo usiku kucha. Hadubini iwe imeshapashwa joto kabla sahani haijafika. Ukisimama kusalimiana na mtu huku sahani iko mkononi, inapoa, protini zinaondoka bila wewe, na ile dakika ya sifuri uliyoiandika daftarini inakuwa ya uongo. Ninayemjua mimi aliyelifanya kwa ustadi kuliko wote hakuwa profesa wala mwanafunzi wa uzamivu. Alikuwa fundi. Picha zilichapishwa, na yeye akatajwa kwenye shukrani, mwisho kabisa, baada ya wafadhili.

Halafu kuna mikoplazma, bakteria wadogo mno. Bakteria wa kawaida wakivamia chupa ya seli, maji ya lishe hupata ukungu na kila mtu anaona. Mikoplazma hawaleti ukungu. Hupenya hata vichujio vinavyozuia bakteria wengine. Seli zinaishi, zinagawanyika, ila si zilezile tena, na matokeo yako yote yanakuwa ya kutiliwa shaka. Anayewashtukia mapema ni yule anayezitazama seli kila siku, Jumapili ikiwemo maana seli hazina sikukuu, akasema, “Hizi leo hazijakaa sawa.” Baadaye ndipo mnatia rangi ya DNA na kuona vidoa nje ya kiini. Kama huo si uamuzi wa kisayansi, sijui sayansi ni nini.

Hata mwenye shahada zote anaweza kusahauliwa. Ile protini ya kijani jeni yake ilinakiliwa na Douglas Prasher, akaichapisha mwaka 1992, kisha akawagawia bure Martin Chalfie na Roger Tsien. Hao wawili, pamoja na Osamu Shimomura, walipopata Nobel ya Kemia mwaka 2008, Prasher alikuwa dereva wa kubeba wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Chalfie na Tsien walimwalika kwenye sherehe. Uungwana mzuri, lakini haukuwa ajira.

Najua jibu la wakuu wa maabara: kanuni za uandishi haziruhusu fundi kuwekwa kati ya waandishi. Basi zisomeni. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inadai mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, na kukusanya data kumo; ashiriki kuandika au kupitia rasimu; aidhinishe toleo la mwisho; awajibike. Fundi wengi hukwama kwenye sharti la pili, kwa sababu moja tu: hakuna aliyewatumia rasimu. Na kamati hiyohiyo imekataza waziwazi kutumia masharti hayo kumwengua mtu kwa kumnyima nafasi ya kuyatimiza.

Eti hawajui kuandika kitaalamu? Mpe sehemu ya mbinu aipitie wiki moja kabla ya kuituma. Atakuonyesha mahali ulipoandika “usiku mmoja” kumbe ulikuwa muda wa saa sita tu, na kingamwili (protini ya kutambulia protini nyingine) uliyoitaja kumbe iliisha na mkatumia ya kampuni nyingine.