Kinachonitisha kwenye filamu za dunia iliyoharibika

Wenzangu wa kazini hapa London wakitaka kujitisha Ijumaa usiku hawahangaiki na filamu za majini. Wanaangalia za dunia iliyoharibika: serikali imegeuka gereza, mvua ama haikati ama hainyeshi kabisa, chakula cha kupimiwa, kamera kila kona, na jamaa mmoja aliyechoka na maisha analazimika kuinuka apigane. Filamu za distopia. Jumatatu wanazisimulia kwenye chumba cha mapumziko macho yamewatoka, utadhani wao ndio waliokoswakoswa. Nazipenda na mimi, tena pengine kuliko wao. Ila nimekuja kuona kwamba tunakaa kochi moja, tunaangalia filamu moja, na kila mtu anaogopa chake.

Wao wanaogopa kupungukiwa. Umeme kukatika, duka tupu, familia tatu kulundikana nyumba moja, basi limejaa hadi mlangoni: hizo ndizo alama ambazo mwongozaji huzitumia kukuambia ustaarabu umekwisha. Soylent Green ya mwaka 1973 iliichora New York ya mwaka 2022. Watu wanalala kwenye ngazi za majengo, maji ni ya mgawo, na chupa ya jamu ya stroberi inauzwa dola 150. Mwaka 2022 wenyewe ulipofika, New York ilikuwa na maji yake na jamu yake. Dar es Salaam ndiyo iliyoingia kwenye mgawo wa maji mwishoni mwa mwaka ule, baada ya kina cha mto Ruvu kushuka vibaya. Na Dar haikugeuka filamu. Maboza ya maji yalipita mitaani, wenye visima wakapandisha bei, vijana wa mikokoteni wakapata riziki, watu wakalalamika kwenye daladala, na harusi zikaendelea Jumamosi kama kawaida. Sisemi ilikuwa raha. Mama kupandisha dumu la lita 20 hadi ghorofa ya tatu si jambo la kumsifia uvumilivu. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia kwetu ukimwonyesha foleni ya maji kwenye skrini hasisimki. Anaangalia dumu lake ni la ngapi.

Nyumbani Tanga filamu hizi hata hazikuwa na kundi lake. Ulikuwa mkanda wa mapigano, basi. Mtoto wa kike kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mikanda ya video, haendi, kwa hiyo sisi tulikuwa tunaangalia kwa mjomba, Ngamiani, kwenye deki yake, majirani wamejaa hadi uani. Terminator 2 tuliirudia mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Hadithi inasema mfumo wa kompyuta wa jeshi la Marekani utajitambua na kuwasha vita vya nyuklia tarehe 29 Agosti 1997. Sikumbuki mtu yeyote kwenye sebule ile aliyeijali tarehe hiyo. Tulijali pikipiki. Tulijali yule adui anayepigwa risasi, anapasuka, anajiunga tena na kuendelea kutembea. Na zaidi ya yote tulijali sheria moja ya shujaa wa filamu, isiyovunjwa: stelingi hafi. Sasa mwishoni stelingi mwenyewe, Arnold Schwarzenegger, anashushwa kwenye chuma kilichoyeyuka, kidole gumba juu. Mjomba alikataa katakata. Kidole kile, alisema, ni ahadi kwamba atarudi, subirini sehemu inayofuata. (Sehemu ya tatu ilipotoka mwaka 2003, na Arnold akiwemo, mjomba alidai heshima yake nyumba kwa nyumba.) Baadaye ikaja mikanda iliyotafsiriwa, Lufufu na wenzake wakizungumza juu ya sauti za waigizaji, na hapo kiama cha Hollywood kikaisha makali kabisa. Roboti amekuja kumaliza wanadamu, mtafsiri amembatiza jina la mtaani, sebule nzima inacheka.

Kwa hiyo nilifika Uingereza sijawahi kutishwa na filamu ya aina hii hata siku moja. Iliyonitisha ni Children of Men, ya Alfonso Cuarón, iliyotoka mwaka 2006. Imewekwa Uingereza ya mwaka 2027, mwaka ambao ilipotoka ulikuwa mbali na leo hatuhitaji darubini kuuona. Kwa miaka 18 hakuna mtoto aliyezaliwa popote duniani. Nchi nyingine zimesambaratika, Uingereza bado inajikongoja, na watu wanaokimbilia huku wanakamatwa na kutiwa vizimbani. Anatokea msichana mmoja mkimbizi kutoka Afrika, Kee, ana mimba. Theo, karani aliyezama kwenye pombe, anapewa kazi ya kumvusha.

Wazungu wakiizungumzia filamu hii wanataja vita ya mwishoni, na wana haki. Kamera haikatiki, risasi zinanyesha ndani ya jengo, kichanga kinalia, na bunduki zinanyamaza moja baada ya nyingine. Askari wanampisha mama na mwanawe. Wengine wanapiga ishara ya msalaba. Kisha kombora linalia na kazi inaendelea. Mimi kilichonikaa ni kitu cha mwanzoni, kidogo tu: Theo anapita kituo cha treni, kando kuna vizimba vimejaa watu, vikongwe kwa vijana, na yeye anapita tu, anawahi shughuli zake. Rafiki niliyekuwa naangalia naye aliniuliza kama nadhani mambo yatafika huko. Yeye muda wote alikuwa anamwangalia Theo. Mimi nilikuwa nakagua vizimba kama kuna mtu wa kwetu.

Nitaeleza kwa nini. Kibali changu cha kuishi hapa hakishikiki kwa mkono. Zamani ulikuwa na kadi, ina picha, unaiweka kwenye pochi. Kadi nyingi ziliwekewa ukomo wa tarehe 31 Desemba 2024, na hadhi ya mtu ikahamia mtandaoni. Ukitaka kupanga nyumba, sheria inamtaka mwenye nyumba ahakikishe kwanza kwamba una haki ya kupanga. Unampa msimbo, anauingiza kwenye tovuti, sura yako inatokea, mambo yanaendelea. Siku moja haikutokea. Dalali alikuwa kijana mpole kweli, kaingiza msimbo, kaingiza tena, kageuza kompyuta ili na mimi nione kile kiduara kinavyozunguka. Nikaanza kujieleza kama ninavyojieleza nyumbani: nafanya kazi wapi, nimeishi hapa tangu lini, hii hapa hati ya mshahara, hii barua. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema pole, ananiamini kabisa, lakini mfumo haujampa jibu. Chumba kikachukuliwa na mwingine jioni ile ile. Hakuna aliyenifokea wala kunidharau. Hakuna hata wa kumnunia.

Hicho ndicho ninachokiogopa kwenye filamu hizi. Njaa naijua na giza nalijua. Sikuwa najua kukataliwa na kitu kisicho na uso, kwa adabu, na mtu anayekuonea huruma ya dhati lakini hana kitufe cha kubonyeza. Kazini ni hivyo hivyo. Ghalani napewa kimashine cha kushika mkononi kinachoniambia niende rafu ipi na kunihesabia nimetumia muda gani kufika. Msimamizi wangu ni mtu mzuri. Lakini na yeye anasoma tu kile ambacho kimashine kimemwandikia kunihusu.

Watu husema filamu hizi ni onyo. Onyo kwa nani, sijui. Kabla ya Minority Report ya 2002, Steven Spielberg aliwaita wataalamu wakae wamfikirie mwaka 2054 utakuwaje, na wakampa macho yanayosomwa na mashine mitaani na matangazo yanayokuita kwa jina; polisi wanaokukamata kabla hujatenda kosa walikuwa tayari kwenye hadithi ya Philip K. Dick iliyozaa filamu hiyo. Mtazamaji alitakiwa aogope. Kuna waliochukua daftari wakaandika oda. Polisi wa London, baada ya miaka ya majaribio, wametumia mitaani kamera za kutambua nyuso kwa kazi rasmi tangu mwaka 2020, nyingi zimefungwa kwenye magari, na watu wanapita mbele yake wamebeba mifuko ya sokoni.

Nguvu yake ya kweli nimeiona mahali pengine, kwa vijana wa Thailand. Baada ya mapinduzi ya mwaka 2014 walianza kuinua vidole vitatu, ishara waliyoitoa kwenye The Hunger Games, na utawala wa kijeshi ukaichukulia kwa uzito kiasi cha kuwakamata walioinua vidole hivyo hadharani. Mwaka 2021 Myanmar wakaiazima. Filamu ya vijana wa shule, ya kula na bisi, ikawapa watu kitu cha kufanya kwa mkono pale ambapo kusema kulikuwa kumepigwa marufuku. Sidhani kama walioiandika walilitarajia hilo, na sidhani kama filamu kumi zenye hotuba nzito zingeweza kulifanya.

Sasa nisije nikaonekana naisifia Tanzania kwa sababu niko mbali nayo. Nyumbani dirishani kuna mtu, ni kweli. Unamwamkia shikamoo, unamweleza mama anaumwa, anaguna, anakuambia njoo kesho, kesho unakuja kweli na jambo linakwisha. Lakini mtu huyo huyo ndiye anayetaka chai. Asiye na hela wala ndugu anaweza kuzungushwa mwaka mzima na uso ule ule unaomtabasamia. Nimewaona. Uso peke yake si haki.

Tena mashine zimeshafika na kwetu. Kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, zilianza kuzimwa. Bibi yangu vidole vimelika kwa jembe na majivu, na mashine ikawa haimsomi. Kijana wa usajili alikuwa na kiti cha plastiki na mwavuli barabarani. Alimfuta bibi vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akafuta tena, akajaribu gumba, akajaribu cha shahada, akampuliza, akamwambia bibi usikaze mkono. Watu nyuma wanalalamika, yeye wala. Mwisho mashine ikakubali. Kila nikiikumbuka habari ile namuwaza kijana kuliko mashine. Siku usajili ukihamia ndani ya simu yenyewe, bila mwavuli na bila kitambaa, bibi atakwenda kwa nani?

Filamu iliyolisema hili kwa namna ninayoielewa haikutoka Hollywood. Ni Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, fupi, kama dakika 20 tu. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa miili yao, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Ukiota ndoto unaamriwa umeze kidonge cha kuizuia. Asha, anayetunza makumbusho, anapata udongo ambao mbegu inaweza kuota, anaomba ruhusa ya kutoka nje akautafute ulikotoka, na ombi linakataliwa. Mzungu niliyemwonyesha alizungumzia ukame tu, na kweli jangwa lile limepigwa picha vizuri mno. Mimi niliganda kwenye ombi. Asha ana udongo mkononi, unaonekana kwa macho, na jibu limeshatoka bila kuutazama.

Mdogo wangu yuko Dar, anapenda Mad Max na hana subira na filamu zangu. Nilimtumia Children of Men, akaniandikia usiku: "Dada, stelingi anakufa halafu hii nayo unaiita filamu?" Damu ya mjomba hiyo. Kisha akanipigia tukabishana kwa bando lake. Nilimweleza haya yote, kizimba, kiduara kinachozunguka, dalali asiye na kitufe. Akaniambia natia chumvi, kwamba hata mule kwenye filamu Theo alipotaka vibali vya kusafiria alikwenda kwa binamu yake mkubwa serikalini akavipata, sasa hapo London na Dar tofauti iko wapi. Nikamjibu kwamba Kee hakuwa na binamu serikalini.

"Ndiyo maana akatafutiwa Theo," akasema, na bando likakatika.