Risiti iliyofutwa isipewe namba, lakini isifichwe

"Mwanangu, namba nne mmeipeleka wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa nilichokitengenezea ripoti ya michango. Karatasi alikuwa nayo mkononi, kidole kimesimama kati ya 3 na 5. Hapo katikati palikuwa na mstari wa risiti iliyofutwa, na mahali pa namba palikuwa patupu. Mhazini akamweleza kwamba risiti ile ilikosewa, ikafutwa. Mama akasema, "Hilo nimeliona, limeandikwa. Mimi nauliza namba nne. Kama hii haihesabiwi, inayofuata mbona si ya nne?"

Alikuwa sahihi kabisa, na kosa lilikuwa langu. Kwenye kanzidata, yaani mfumo unaohifadhi rekodi za risiti, nilikuwa nimeandika hivi kwa lugha yake, SQL:

CASE WHEN hali = 'halali' THEN ROW_NUMBER() OVER (ORDER BY tarehe) END

Ukiipitia haraka unadhani inasema: kama risiti ni halali, ihesabu. Sivyo. ROW_NUMBER huhesabu mistari yote, halali na batili, halafu CASE huja nyuma yake na kuifunika namba ya ile iliyofutwa. Namba 4 ilitolewa kweli, ila haikuonyeshwa. Ili hesabu iruke mstari, sharti lazima liingie ndani ya hesabu yenyewe:

CASE WHEN hali = 'halali' THEN ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY hali ORDER BY tarehe, id) END

PARTITION BY huigawa mistari mafungu mafungu, na kila fungu huanza na 1. Risiti halali zinahesabiwa peke yake, zilizofutwa peke yake, na CASE inazinyima hizo za pili namba yao. Ukitaka hesabu ianze upya kwa kila mwanachama, unaandika PARTITION BY mwanachama, hali. Mwisho wa swali zima unaloipa kanzidata weka tena ORDER BY tarehe, id, kwa sababu ile iliyo ndani ya mabano inapanga hesabu tu, haiahidi mistari itatoka kwa mpangilio gani.

Najua wenzangu wengi wangemaliza kazi kwa kuzichuja zilizofutwa, WHERE hali = 'halali', orodha ikatoka safi, 1 hadi mwisho, bila pengo. Mimi napinga, na napinga kwa nguvu pale panapohusika fedha za watu. Kwenye kitabu cha risiti cha karatasi, risiti iliyokosewa haichanwi ikatupwa. Inapigwa mstari, inaandikwa "imefutwa", na inabaki kitabuni pamoja na nakala yake ili mkaguzi aikute. Kwa nini kompyuta ipewe ruhusa ambayo mhazini hana? Yule mama aliweza kuuliza swali lake kwa sababu mstari uliofutwa ulikuwepo mbele ya macho yake. Ningeuchuja, asingekuwa na cha kuuliza, na kikundi kisingejua kwamba kuna risiti iliyofutwa.

Wapo pia wanaosema tumia id, hiyo namba inayotolewa na mfumo wenyewe kila mstari unapoingia. Id ni jina la mstari, si hesabu yake. Katika kanzidata kama PostgreSQL na MySQL, muamala ukianza, ukachukua namba, kisha ukashindikana, namba ile kwa kawaida hairudishwi. Utakuta 117 kisha 119, na hakuna aliyeiba kitu. Sasa nenda kawaeleze hivyo wanachama hamsini ukumbini.

Njia nyingine, ambayo naipenda sharti linapokuwa refu, ni kujumlisha moja moja:

SUM(CASE WHEN hali = 'halali' THEN 1 ELSE 0 END) OVER (ORDER BY tarehe, id)

Hapa mstari uliofutwa unaongeza sifuri, kwa hiyo unabeba namba ya mwenzake aliyetangulia mpaka uifunike kwa CASE ya nje. Ila angalia sana hiyo id ya mwisho. Ukiandika ORDER BY tarehe peke yake na risiti mbili zikawa za siku moja, kanzidata inazihesabu kama zimefika pamoja: zote mbili zinapata jumla moja, na orodha inasoma 1, 3, 3. Ni kanuni ya SQL yenyewe, na haikupi onyo lolote. Kwa ROW_NUMBER tatizo lake ni jingine: namba hazitajirudia, lakini leo risiti ya Asha inaweza kuwa ya 2 na ya Juma ya 3, kesho ukichapisha upya zikabadilishana. Siku za michango kila mtu analipa tarehe ileile, kwa hiyo hili litakukuta.

Tulioanzia MySQL ya zamani tuna tabia moja ya kuacha. Kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2018 hapakuwa na ROW_NUMBER huko, ingawa PostgreSQL ilikuwa nayo tangu 2009 na SQL Server tangu 2005. Tukawa tunaandika @n := @n + 1 ndani ya IF, yaani kigeu kinachojiongezea moja kila mstari unaokidhi sharti, na ilifanya kazi, mara nyingi. Mwongozo wa MySQL wenyewe ulionya kwamba mpangilio wa kukokotoa vigeu hivyo hauna uhakika, na tangu 8.0.13 mtindo huo umewekwa kwenye orodha ya vitakavyoondolewa. Bado naukuta kwenye mifumo inayotumika leo, umenakiliwa kutoka faili hadi faili. Ukiuona, ubadilishe kabla toleo jipya halijakubadilishia.

Nilirekebisha swali jioni ileile, na mkutano uliofuata karatasi ilisoma 3, patupu, 4. Mama aliikagua mstari kwa mstari, akaniita. "Namba sasa ziko sawa. Lakini hapa pameandikwa imefutwa tu. Nani kaifuta, na kwa nini?" Nilimwambia, "Nitaiweka, mama." Safu hizo mbili ziko kwenye ripoti sasa, na mfumo haukubali kufuta risiti bila kuzijaza.